Milimita Sita za Alhamisi

Inspekta Rukaiya alisoma ukurasa wa mwisho wa daftari la marehemu kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne hakuambulia kitu. Namba za penseli, safu saba, mstari mmoja wa saa tatu asubuhi na mwingine wa saa tisa alasiri. Pembeni, kila siku, namba moja imezungushiwa duara. Jumatatu: 2.4. Jumanne: 6.1. Jumatano: 6.3. Alhamisi: 6.2. Baada ya hapo karatasi ilikuwa tupu.

"Hii ya duara ni nini?" aliuliza.

"Upotevu, afande," alijibu Najim, msimamizi wa umwagiliaji wa shamba la Waridi Jema. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, buti zake zina tope hadi magotini. "Maji yanayopotea shambani kwa siku moja. Mikidadi alikuwa anayakokotoa jioni, kila siku, saa kumi na mbili."

"Anayakokotoa vipi?"

"Mimi ni mtu wa mabomba. Hayo ya hesabu yalikuwa yake."

Walikuwa wamesimama ndani ya kiuga kidogo chenye uzio wa waya, mahali ambapo Mikidadi alifanya kazi miaka miwili. Kulikuwa na kibanda cheupe cha mbao juu ya miguu minne, chombo cha mvua, vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, na tufe la kioo lililokaa juu ya nguzo kama jicho. Ng'ambo ya uzio yalianza mahema marefu ya plastiki yenye mawaridi, na chini yake maharage machanga yanayopelekwa Ulaya kwa ndege. Ilikuwa Julai ya mwaka 1996. Mlima Meru ulikuwa umejifunika tangu alfajiri na hakuna aliyetegemea kuuona.

Mikidadi alikutwa Jumamosi asubuhi akielea kwenye bwawa la shamba. Siku za kazi alikuwa akilala shambani, kwa hiyo nyumbani kwake mjini hawakumkosa. Jumapili alizikwa. Daktari alisema maji ya mlimani ni baridi mno, hawezi kuapa kama mtu alikufa siku moja kabla au nne. Kwa hiyo daftari ndilo lililoamua: aliyeandika upotevu wa Alhamisi saa kumi na mbili jioni alikuwa hai Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Na Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi, mzee mmoja wa Kimeru aitwaye Eliasi, mwenyekiti wa mfereji wa kijiji, alifika kwenye geti la shamba na panga mkononi akipiga kelele kwamba atamzamisha Mikidadi kwenye namba zake. Mlinzi alimfukuza saa kumi na moja. Hakuna aliyemwona tena hadi asubuhi.

Eliasi alikuwa mahabusu tangu Jumamosi. Kesho, Jumanne, angesomewa shitaka la kuua.

"Alhamisi ulimwona Mikidadi?" Rukaiya aliuliza.

"Nilimwona."

"Akifanya nini?"

"Anasoma vipimo vyake. Kama kawaida."

Rukaiya aliweka daftari chini ya kwapa. Koplo Lesikar alikuwa tayari ameshawasha Land Rover.

* * *

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Eliasi alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mikono katikati ya magoti. "Hata mahabusu anaamkiwa?"

"Umri hauwekwi mahabusu. Niambie habari ya namba."

Mzee alimtazama kama mtu anayetafuta mtego ulipofichwa. Kisha akaeleza, polepole, akitafsiri kutoka Kimeru kichwani. Mwaka juzi, shamba lilipokuja, kijiji kilikubaliana nalo mbele ya karani wa maji. Kila jioni shamba lingempigia karani simu na kutaja upotevu wa siku. Kwa kila milimita moja, lango la maji ya shamba linafunguliwa kwa muda wa saa moja. Siku ya milimita mbili, saa mbili. Yanayobaki ni ya kijiji.

"Mwaka wa kwanza tulikula. Mwaka huu, tangu masika yaishe, lango linakaa wazi saa sita. Kila siku sita. Hata siku za manyunyu! Nikamwambia Mikidadi mbele ya watu, kanisani, watu wanatoka ibada, wewe ni mwizi. Yeye alikuwa anapita tu njiani."

"Akajibu nini?"

"Alisema, 'Mzee, mimi naandika ninachokiona.' Basi."

"Na Alhamisi?"

"Nilikuwa natoka Kikatiti, msiba wa shemeji yangu. Nilikwenda Jumanne asubuhi, tukazika Jumatano, nikarudi Alhamisi mchana. Jua lilikuwa kali, vumbi tupu. Nikakuta migomba yangu imelala. Nikachukua panga, nikaenda. Nilisema yale niliyosema." Aliitazama mikono yake. "Halafu nikarudi nyumbani kwa njia ya msituni. Peke yangu. Nilikuwa naona aibu."

Rukaiya aliandika: *Alhamisi jua kali.* Kisha akapiga mstari chini yake bila kujua kwa nini.

* * *

Mtu aliyemfundisha Mikidadi kazi alikuwa Mzee Abdiel, mstaafu wa hali ya hewa, ambaye sasa alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake Sokon I. Aliwapokea akiwa na ndoo ya pumba mkononi. Daftari lilipotajwa aliweka ndoo chini, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, ndipo akalipokea.

"Shati lako likilowa ukalianika," alimwambia Rukaiya, "linakauka haraka lini?"

"Jua likiwaka. Upepo ukivuma."

"Siku ya ukungu?"

"Linalala na maji yake."

"Basi shamba ni shati. Udongo unatoa mvuke, majani yanatoa jasho. Hatuwezi kupima kila jani, kwa hiyo tunauliza hewa: joto kiasi gani, unyevu kiasi gani, upepo, saa za jua. Hewa ikijibu, tunajua shamba limepoteza nini. Ukisema huelewi zaidi ya hapo, unaelewa vya kutosha."

Alileta majedwali yaliyochakaa na kikokotoo, akakaa mezani. Alifanya Jumatatu kwanza. Ilichukua dakika kumi na tano, na mwisho aliandika 2.4. Namba ile ile iliyokuwa kwenye duara. Akatabasamu. Akafanya Jumanne. Tabasamu likatoka.

"Mbili nukta sita," alisema. "Yeye ameandika sita nukta moja."

"Jumatano?"

Alikokotoa. "Mbili. Ameandika sita nukta tatu."

Rukaiya aliegemea kiti. "Kwa hiyo Eliasi alisema kweli. Mikidadi alikuwa anaongeza. Shamba limemnunua."

"Usinitukanie mwanafunzi wangu nyumbani kwangu," alisema Mzee Abdiel bila kupandisha sauti.

"Mzee, namba zinasema."

"Namba za Juni zinasema nini? Za Mei?" Alifunua nyuma, ukurasa baada ya ukurasa: 2.3, 2.7, 1.9, 3.0. "Miezi mitatu mtu hakuongeza hata sifuri nukta moja, halafu siku tatu anageuka mwizi? Na kama ni mwizi, kwa nini aache vipimo vingine sawa? Mtu yeyote mwenye jedwali angemkamata."

Koplo Lesikar, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuna kichwa. "Afande, kama aliandika mbili mwezi Juni, mbona lango lilikuwa wazi saa sita mwezi Juni?"

Wakatazamana. Rukaiya aliliandika swali hilo.

Mzee Abdiel alikuwa amerudi kwenye Alhamisi. Alikuwa ameacha kukokotoa. Kidole chake kilikuwa kimesimama katikati ya ukurasa.

"Alhamisi saa tisa," alisema, "kulikuwa na ukungu huko shambani?"

"Jua kali. Vumbi."

"Una hakika?"

"Mtuhumiwa amesema."

Mzee alitoa kadi ndogo ya karatasi nene iliyobanwa nyuma ya daftari. Ilikuwa na mstari mweusi ulioungua, mrefu. "Tufe la kioo linaunguza kadi jua linapowaka. Hii ni ya Alhamisi. Saa saba mchana hadi saa kumi na moja, jua. Mtuhumiwa wako hadanganyi." Akageuza daftari ili Rukaiya aone. "Sasa tazama hapa. Vipimajoto viwili, safu mbili. Kimoja kikavu. Kingine kimevikwa kitambaa kibichi. Maji ya kitambaa yakigeuka mvuke yanakipoza kile kipimajoto, kwa hiyo siku ya jua namba zinaachana mbali. Siku ya ukungu hayageuki mvuke, namba zinalingana. Jumanne saa tisa: kumi na tisa nukta sita, na kumi na sita nukta mbili. Zimeachana. Safi. Alhamisi saa tisa?"

Rukaiya alisoma. "Ishirini na moja nukta sita. Na ishirini na moja nukta sita."

"Jua linaunguza kadi, na hewa imejaa maji kama wingu. Saa ile ile. Mahali pale pale." Mzee alivua miwani. "Miaka thelathini sijaona kitu kama hiki. Sielewi."

"Kama wewe huelewi, mimi nifanyeje?"

"Nipeleke huko."

* * *

Njiani walisimama kwa karani wa maji, mama mmoja aitwaye Brightness, aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja na simu moja. Rukaiya aliomba daftari lake la miezi mitatu. Kila jioni namba ilikuwa imeandikwa kwa wino wa buluu: 6.0, 6.3, 5.9, 6.1. Hakuna mbili hata moja.

"Nani alikuwa anakupigia?"

"Mwanzoni Mikidadi mwenyewe. Tangu Aprili, Najim. Alisema Mikidadi ana kazi nyingi."

"Mikidadi hakuwahi kuja kuangalia?"

Brightness alifikiri. "Alikuja. Jumatatu iliyopita. Aliomba kuona daftari kama wewe. Akasoma, akanirudishia, akasema asante. Nikamuuliza kuna nini, akasema kesho atanipa jibu."

Kwenye gari Rukaiya aliweka madaftari mawili magotini, moja la penseli na moja la wino. La penseli lilisema mbili hadi Jumatatu. La wino lilisema sita miezi mitatu. Kisha, Jumanne, la penseli nalo likaanza kusema sita.

"Kama watu wawili wanaobishana," alisema, "halafu ghafla mmoja anakubali."

"Au ananyamaza," alisema Lesikar, "na mwenzake anajibu kwa niaba yake."

Walipofika getini Rukaiya alikuwa bado ameyashika yote mawili.

* * *

Mzee Abdiel aliingia kwenye kiuga kama mtu anayeingia msikitini au kanisani. Alifungua mlango wa kile kibanda cheupe. Ndani vipimajoto viwili vilining'inia bega kwa bega. Kimoja kilikuwa kimevikwa soksi nyembamba ya pamba iliyoshuka ndani ya kichupa kidogo cha plastiki. Mzee alishika soksi kwa vidole viwili. Ilikuwa kavu, ngumu kama utambi uliozimwa. Alikitikisa kichupa.

"Hakina kitu."

"Leo ni Jumatatu," alisema Rukaiya. "Mwenyewe amekufa. Nani angejaza?"

"Sisemi leo. Kichupa hiki, hali ya hewa hii, kinafika siku moja na kidogo. Kisipojazwa, kitambaa kinakauka. Kitambaa kikikauka, kipimajoto hiki kinakuwa sawa na mwenzake. Namba zinalingana hata jangwani." Alimgeukia. "Alhamisi hapakuwa na ukungu. Kitambaa kilikuwa kikavu. Aliyesoma alisoma sawasawa, akaandika kwa uaminifu alichokiona, na hakujua kwamba kuna kichupa."

Rukaiya alifungua daftari juu ya ukingo wa kibanda. Alipitisha kidole, safari hii polepole. Jumanne asubuhi, namba zimeachana kidogo. Jumanne saa tisa, zimeachana mbali. Jumatano asubuhi, zimeachana kidogo. Kichupa kilikuwa bado na maji. Jumatano saa tisa, sawa. Alhamisi asubuhi, sawa. Alhamisi saa tisa, sawa.

"Mikidadi angeweza kusahau kujaza?"

"Mimi ningeweza kusahau jina langu kwanza."

"Kwa hiyo Jumanne alikijaza yeye, na saa tisa akasoma yeye. Halafu saa kumi na mbili mtu mwingine akaandika sita nukta moja." Alisimama. "Kati ya hapo, mzee. Alikufa kati ya hapo."

"Na Eliasi?" aliuliza Lesikar.

"Jumanne Eliasi alikuwa Kikatiti. Nenda kachukue jina la mchungaji na la watu kumi waliokaa naye. Kabla ya hapo, niitie mtu wa mabomba."

Najim alikuja akifuta mikono kwa gunia. Alimwona Mzee Abdiel, akamwamkia, kisha akasimama nje ya uzio.

"Ingia," alisema Rukaiya. "Jumanne jioni ulimpigia karani simu?"

"Kila siku napiga."

"Ukasema ngapi?"

"Sita na kitu. Ilivyokuwa kwenye daftari."

"Juni kwenye daftari ilikuwa mbili na kitu. Uliposema sita, ulikuwa unasoma daftari gani?"

Najim alitazama maharage. Yalikuwa mengi, safu zilivuka mpaka wa zamani wa miti na kuteremka bondeni, udongo mpya mwekundu.

"Lile shamba la chini," Rukaiya aliuliza, "limo kwenye mkataba wa maji?"

"Hilo muulize meneja."

"Nitamuuliza. Wewe nakuuliza habari ya Alhamisi. Umesema ulimwona Mikidadi hapa, anasoma vipimo."

"Nilimwona."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Alianza na nini?"

"Alifungua kibanda. Akasoma vipimajoto. Akaandika. Akaangalia kadi ya jua. Akaenda kwenye mvua." Alisema haraka, kwa mpangilio, kama mtu aliyetazama jambo hilo mara mia saba.

"Kichupa alikijaza kabla ya kusoma au baada?"

"Kichupa gani?"

Vikombe vya upepo vilizunguka mara moja, vikasimama. Najim alitazama uso wa Rukaiya, kisha wa mzee, kisha akatazama ndani ya kibanda kilichokuwa wazi, na alipoiona ile soksi iliyoshuka kwenye kichupa aliitazama muda mrefu.

"Nilifanya yote aliyokuwa anafanya," alisema mwishowe. "Yote."

"Hukuona cha alfajiri. Alikuwa anajaza kabla hujaamka," alisema Mzee Abdiel.

Rukaiya alimkumbusha Najim kwamba halazimishwi kusema, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Najim alisema hata hivyo, akiwa ameshika waya wa uzio. Jumanne, saa kumi, Mikidadi alimfuata juu ya ukingo wa bwawa. Alikuwa ameona daftari la karani. Alisema anakwenda kwa karani, Usa River, kwa miguu, sasa hivi. Najim alimshika shati, Mikidadi akamshika mkono, wakasukumana.

"Bwawa lina plastiki chini, afande. Lina utelezi. Mtu akiingia hawezi kupanda mwenyewe."

"Alipiga kelele?"

"Aliniita. Kwa jina langu."

"Kulikuwa na kamba?"

"Kwenye nyumba ya pampu."

"Hatua ngapi?"

"Sijui."

"Tutazipima," alisema Rukaiya.

"Sikupanga," alisema Najim. "Baadaye nikawaza, karani asipopata namba atakuja kuuliza. Nikawa nasoma mimi, naandika mimi, naiga mwandiko wake. Alhamisi yule mzee alipokuja na panga, nikaandika ya siku ile, kisha nikaacha."

Zilikuwa hatua ishirini na mbili. Lesikar alizipima mara mbili, kwenda na kurudi, kwa sababu mara ya kwanza Rukaiya hakuamini kwamba ni chache hivyo.

* * *

Jumanne asubuhi, badala ya kupelekwa mahakamani, Eliasi alipewa mkanda wake, kofia yake na karatasi ya kutia saini. Alitia saini. Hakuondoka.

"Uko huru, mzee," alisema Rukaiya.

"Nimesikia." Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kofia mapajani. "Kwa hiyo yeye alikuwa anaandika ngapi?"

"Mbili. Mbili na nusu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Mzee alitikisa kichwa, si kwa kukataa. "Aliniambia anaandika anachokiona. Mimi nilidhani ananikejeli." Kisha: "Anakaa wapi? Familia yake."

"Kaloleni. Lakini mkewe, Najat, yuko eda. Hapokei wanaume wasio ndugu zake, miezi minne na siku kumi."

"Yuko nani wa kupokea?"

"Kaka wa marehemu. Anakaa barazani na wanaume."

"Wanajua mimi ni nani?"

"Wanajua ni wewe uliyekamatwa. Sijui kama wamesikia ya jana."

Eliasi alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Nje mtu alikuwa anauza mahindi ya kuchoma na moshi uliingia dirishani.

"Nikifika nitasema nini?" aliuliza.

Rukaiya aliweka kalamu chini. Jana yake alikuwa ameeleza kesi nzima kwa mkuu wake kwa dakika sita, bila kukwama popote.

"Sijui, mzee."

"Na mimi sijui," alisema Eliasi. Akasimama, akamwomba amwelekeze njia ya Kaloleni.

Rukaiya alimchorea nyuma ya bahasha: barabara kuu, msikiti, duka la mafuta ya taa, kisha nyumba ya tatu yenye turubai nje. Mzee aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku mpaka akajua juu ni wapi, akatoka.